Mlango Huwa na Siku Zake: Nasaha kwa Wazazi na Wanafunzi Wanaoomba Vyuo



Wiki hii twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwa kuwa nasaha itolewayo na mtu aliyekwisha kuungua huwa na faida kuliko ya mtu ausimuliaye moto kwa mbali.

Miaka mitatu iliyopita, alasiri moja baada ya swala, mama mmoja auzaye nguo za watoto katika soko la Kibuye hapa Kisumu alifika madrasani pamoja na binti yake. Binti alikuwa amepata C+ katika mtihani wa KCSE, na moyo wake wote ulikuwa kwenye uuguzi. Mama akasema, "Maalimu, mwanangu ataka kuomba chuo, lakini huenda akapelekwa mbali na nyumbani. Babake yuko safarini. Wasemaje?" Tulimtuliza. Tulimwambia haraka haraka haina baraka, aswali istikhara, amngoje mumewe, kisha warejee kwetu baada ya majuma mawili tushauriane.

Walirejea kama tulivyowaagiza. Mume alikuwa ameridhia, binti alikuwa na furaha, na karatasi zote walizibeba katika mfuko wa plastiki. Lakini tovuti ya maombi ilikuwa imefungwa siku tatu kabla. Sisi tuliowaambia wangoje hatukuwa hata tumeuliza siku ya kufungwa. Mwaka mzima uliofuata tulimwona binti yule kibandani kwa mamake akikunja fulana za watoto, na kila tulipopita alituamkia, "Shikamoo, maalimu," bila ya lawama usoni mwake. Tulitamani atulaumu. Wazee walinena pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na methali hiyo sisi tulikuwa tumeisahau.

Tangu siku hiyo tulijilazimisha kujifunza mambo haya jinsi yalivyo. Tuliketi na walimu wa shule za upili, na maofisa, na wanafunzi waliotangulia. Tuliyoyapata ndiyo haya twayaweka mbele yenu, enyi wazazi wenzetu na nyinyi wana wetu.

Mlango ni upi, na nani aushikaye

Hapo zamani nafasi za vyuo vikuu vya serikali zilikuwa zikigawanywa na bodi ya pamoja ya vyuo vyenyewe, maarufu kwa jina la JAB. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikaunda idara mpya ya kuwapangia wanafunzi vyuo, nayo yajulikana kwa herufi zake: KUCCPS. Idara hii haishughulikii shahada peke yake. Hupanga pia wanafunzi wa stashahada, wa vyeti na wa ufundi, katika vyuo vikuu, vyuo vya kitaifa vya ufundi kama kile cha Kisumu, taasisi za kiufundi za mitaani kwetu, na hata chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC.

Matokeo ya KCSE hutangazwa kwa kawaida mwezi wa Januari. Baada yake KUCCPS hutoa tangazo la kufungua maombi, kisha huwapo muda wa kurekebisha chaguo, kisha mlango hufungwa, na wanafunzi huanza kuripoti vyuoni kuanzia Agosti au Septemba. Kila hatua ina tarehe yake, na tarehe hizo hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hivyo jambo la kwanza mzazi afanyalo, kabla ya kuulizia karo na kabla ya kuulizia umbali, ni kuzijua tarehe za mwaka huu na kuziandika mahali ambapo nyumba nzima itaziona.

Ikiwa mwanao alikosa nafasi mwaka uliopita, asijione amekwisha. Aliyefanya KCSE miaka ya nyuma na hakuwahi kupangiwa chuo huruhusiwa kuomba tena mlango unapofunguliwa. Binti wetu wa Kibuye aliingia kwa mlango huo, na habari yake tutaimaliza mbele.

Hesabu ambayo wengi hawaijui

Wazazi wengi hutazama gredi moja tu, ile ya jumla iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Wakiona C+ husema, "Alhamdulillahi, amepita, atasoma lolote alitakalo." Hapa ndipo pana mtego. C+ ni kiwango cha chini cha kuomba shahada. C- ni kiwango cha chini cha stashahada, na D ni cha cheti. Wa chini ya hapo hupokelewa katika kozi za ufundi wa mikono. Lakini kufikia kiwango ni kufika uani tu, na milango ya vyumba iko mbele.

Kila kozi ina masomo yake manne inayoyatazama, na kila somo lina alama 12 kwa aliyepata A, 11 kwa A-, 10 kwa B+, hivyo hivyo hadi 1 kwa E. Masomo manne kwa alama 12 ni 48, na ndiyo maana utasikia watu wakisema alama za kozi hii au ile ni thelathini na ngapi katika 48. Hesabu hiyo hupimwa pamoja na matokeo ya jumla ya mwanafunzi, na mara nyingi alama ya mwisho hushuka kidogo.

Tutoe mfano. Wanafunzi wawili wamepata C+ kila mmoja na wote wanaomba kozi itazamayo Biolojia, Kemia, Hisabati na lugha. Wa kwanza ana B katika Biolojia, B- katika Kemia, C+ katika Hisabati na B katika Kiswahili. Jumlisha: 9, 8, 7 na 9, apata 33. Wa pili ana A katika Elimu ya Dini ya Kiislamu na B+ katika Historia, mashaallah, lakini Biolojia ana C-, Kemia D+, Hisabati D, na Kiswahili B+. Kwa kozi hii masomo yake mazuri ya Dini na Historia hayahesabiwi miongoni mwa yale manne. Jumlisha: 5, 4, 3 na 10, apata 22. Gredi ya jumla ni moja, lakini milango ni miwili tofauti. Huyu wa pili ana mlango wake pia, pengine katika ualimu wa masomo ya jamii, au lugha, au uandishi wa habari, na huko aweza kumshinda wa kwanza.

Tovuti ya KUCCPS huonyesha kila kozi na masomo yake, masharti yake, na alama za wa mwisho aliyepokelewa katika miaka iliyopita. Mwanafunzi aketi na mzazi, watazame alama hizo, kisha wapange chaguo kwa mizani. Nafasi ya kwanza iwe ya kile akipendacho na akifikiacho. Nafasi zifuatazo ziwe za kozi za namna hiyo hiyo ambazo alama zake ziko chini kidogo. Na nafasi ya mwisho iwe ya kozi ambayo ana hakika ataipata na hatajuta kuisoma. Aandikaye udaktari katika nafasi zote kwa alama zisizoufikia humwachia mwingine kazi ya kumchagulia maisha, kwani akikosa zote atajikuta akiokota zilizobaki.

Jina moja, herufi moja

Jambo hili latuhusu sana sisi Waislamu, na laonekana dogo hadi siku litakapokuzuia mlangoni. Mtoto ameandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad katika cheti cha KCSE, na Mohammed katika kitambulisho. Binti ni Aisha shuleni na Asha kwa msajili. Babake ni Abdalla katika kitambulisho na Abdullahi katika cheti cha mtoto. Sisi twajua ni mtu mmoja. Kompyuta haijui, na ofisa aketiye mbele yake haruhusiwi kudhania.

Kusahihisha jina huchukua majuma, pengine miezi. Basi kazi hii ifanywe mtoto angali Kidato cha Tatu, au hata kabla. Toeni vyeti vyote sandukuni, cha kuzaliwa cha mtoto, vitambulisho vya wazazi wote wawili, na vyeti vya kifo ikiwa mmoja ametangulia mbele ya haki. Viwekeni mezani, msome herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, nendeni kwa msajili mkiwa na nafasi ya kungoja. Na kijana akitimiza miaka 18 asikawie kwenda kuomba kitambulisho chake, kwani maombi ya ufadhili, akaunti ya benki na usajili chuoni vyote vitakidai.

Saiba, madalali na neno la siri

Wengi wetu hapa Kibuye hatuna kompyuta nyumbani. Hutuma watoto saiba, na huko kijana wa duka, ambaye pengine ana watu kumi nyuma yake, hujaza fomu kwa haraka. Hatuwalaumu vijana hawa, wanatafuta riziki. Lakini kozi ya miaka minne haipaswi kuchaguliwa na mtu asiyemjua mwanao, kwa dakika tano, kwa sababu foleni ni ndefu.

Mwanafunzi aende saiba akiwa tayari ameandika chaguo zake kwenye karatasi, pamoja na nambari za kozi. Aketi mwenyewe mbele ya kompyuta. Neno la siri alijue yeye, na akimaliza alibadilishe ikiwa mtu mwingine aliliona. Asiondoke kabla ya kuona uthibitisho kwamba maombi yamepokelewa, na auchapishe. Tumewahi kumwona kijana aliyelipa ada akadhani amemaliza, kumbe chaguo hazikuwa zimehifadhiwa.

Asiyeiamini saiba aende Huduma Centre hapa mjini, aulize hapo. Shule aliyofanyia mtihani pia ina mwalimu mshauri, na haifungi mlango wake kwa mwanafunzi aliyehitimu juzi.

Na akitokea mtu akasema, "Mimi najua mkubwa fulani, nitumie pesa kwa simu nimpatie mwanao uuguzi," mjue huyo ni mwizi hata akiwa amevaa kanzu. Nafasi hizi hupangwa kwa alama. Haziuzwi, na anunuaye nafasi ya mwenzake, lau ingewezekana, angekuwa ameanza elimu yake kwa dhulma.

Karo, mkopo na swali la riba

Tumefika mahali pazito. Mwezi wa Mei 2023 serikali ilitangaza mfumo mpya wa kugharamia elimu ya juu. Badala ya kila mwanafunzi wa chuo cha serikali kupata ruzuku ile ile, sasa hali ya familia hupimwa, kisha mwanafunzi huwekwa katika daraja. Katika mpangilio wa madaraja matano uliotumika mwaka 2024, wa daraja la kwanza, yaani wenye uhitaji mkubwa kabisa, walipewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia ikabakiwa na asilimia 5. Wa daraja la tatu walipata ufadhili wa asilimia 50, mkopo asilimia 30, familia asilimia 20. Wa daraja la tano walipata ufadhili asilimia 30, mkopo asilimia 30, na familia asilimia 40.

Tuseme, kwa mfano tu, kozi yagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka na mwanao yuko daraja la tatu. Ufadhili utalipa 100,000, mkopo 60,000, na nyinyi mtatafuta 40,000, mbali na chakula, nauli na malazi. Ndiyo maana twasema mzazi aijue gharama ya kozi kabla ya kuichagua na asiijulie siku ya kuripoti.

Mfumo huu umepelekwa mahakamani. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba unakwenda kinyume cha Katiba, na serikali ikakata rufaa. Kwa hivyo viwango vya jana visishikwe kama aya; someni tangazo la mwaka huu. Lakini mambo mawili yashikeni. La kwanza, ufadhili hauji wenyewe. Ni lazima uombwe, kwa maombi ya peke yake yasiyo yale ya kuchagua kozi, na aliyepangiwa chuo kisha akakaa kimya atadaiwa gharama yote. La pili, chini ya mfumo huo apangiwaye chuo kikuu cha binafsi hapati ufadhili wa serikali. Aweza kuomba mkopo tu. Mzazi apendaye chuo cha Kiislamu cha binafsi, na nia hiyo ni njema, apige hesabu hiyo mapema.

Sasa mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na mkopo wake kwa wanafunzi wa shahada hutozwa asilimia 4 kwa mwaka. Ni kiwango cha chini kuliko cha benki, lakini uchache wa nyongeza haubadilishi jina lake. Swali hili twaulizwa kila mwaka, na kila mwaka laja na machozi.

Sisi hatutatoa fatwa moja gazetini kwa nyumba zote. Twasema mfuate utaratibu huu. Kwanza, ombeni ufadhili, kwani hiyo ni hiba na haina deni. Pili, ombeni misaada ya karo ya kaunti na ya eneo bunge, ambayo fomu zake nyingi hurudi tupu kwa sababu watu wetu hawaendi kuzichukua. Tatu, iteni kikao cha ukoo. Harusi huchangiwa, matanga huchangiwa, kwa nini karo isichangiwe? Nne, kabla ya kutia sahihi mkopo wowote, muulizeni ofisa waziwazi kama ipo njia isiyo na riba, na msome masharti hadi mwisho. Tano, ikiwa milango yote imefungwa, chukueni karatasi zenu za hesabu mwende kwa mwanachuoni mnayemwamini, mumwonyeshe hali yenu ilivyo, naye awajibu kwa hali yenu na wala si kwa hali ya jirani.

Na hapa twajigeukia sisi wenyewe wa mimbarini. Ni rahisi kuharamisha mkopo wa kijana maskini na kisha kurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Kama twasema asikope kwa riba, basi tumwonyeshe pa kukopa bila riba. Msikiti wenye waumini mia mbili, kila mmoja akitoa shilingi mia moja kila Ijumaa, hukusanya shilingi 20,000 kwa juma. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya milioni moja. Qardh hasan kwa vijana kadhaa ingetoka hapo, nao wakianza kazi wangerudisha kwa ajili ya wadogo zao. Hatuna haki ya kufunga mlango ikiwa hatukufungua mwingine.

Binti naye

Katika nyumba zetu, pesa zikitosha mtoto mmoja, mara nyingi mvulana ndiye aendaye. Husemwa binti ataolewa. Lakini hao hao wasemao hivyo, mke wao akipatwa na uchungu usiku wa manane, hufika hospitali wakaomba mkunga mwanamke, na akiwa Mwislamu hufurahi zaidi. Atatoka wapi mkunga huyo ikiwa binti zetu sote tumewaweka nyumbani?

Faradhi ya kutafuta elimu haikugawanywa kwa jinsia. Msikiti wa Qarawiyyin kule Fez, ambao ulikuja kuwa chuo chenye sifa duniani kote, wahistoria huunasibisha na bibi Fatima al-Fihriya mwaka 859, aliyetumia mirathi yake kuujenga. Na huku kwetu pwani, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, alitumia magazeti yake Sahifa na al-Islah katika miaka ya 1930 kuwaamsha Waislamu waliokuwa wakiachwa nyuma kielimu. Baada yake kikajengwa Mombasa chuo cha elimu ya Waislamu, MIOME, ambacho leo, baada ya kubadilika mara kadhaa, ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee wale hawakuiona elimu ya ufundi kuwa aibu wala adui wa dini.

Hofu ya mzazi juu ya binti yake twaiheshimu, kwa kuwa ni hofu ya mapenzi. Lakini hofu hutibiwa kwa kwenda kutazama. Kabla ya kusema hapana, pandeni matatu mwende. Maseno iko umbali wa kilomita ishirini na kitu kutoka hapa mjini, na Bondo kwenye chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga huendwa na kurudiwa kwa siku moja. Ulizeni mabweni ya wasichana yakoje, nani huyalinda, pa kuswalia ni wapi, jumuiya ya wanafunzi Waislamu ikoje, na kama kuna familia ya Kiislamu karibu iwezayo kuwa kimbilio. Mzazi aliyekwenda akaona ana haki ya kusema ndiyo au la. Aliyekaa kibarazani akisikiliza uvumi hana hoja.

Kwa aliyepata alama ndogo

Nyumba nyingine wiki ya matokeo huwa kama nyumba ya msiba. Mtoto amepata D+, mama hajibu simu za jamaa, baba hasemi naye. Tumewahi kumkuta kijana amekaa ufuoni mwa ziwa tangu asubuhi kwa sababu aliogopa kurudi nyumbani. Wazazi wenzetu, muogopeni Mwenyezi Mungu katika jambo hili. Gredi ni habari ya mtihani mmoja, nayo haimzidishi wala haimpunguzi mtoto aliyekabidhiwa kwenu kama amana.

Mwenye D aweza kusoma cheti cha umeme, cha ushonaji, cha upishi, cha ufundi wa magari. Akimaliza cheti vyema huendelea na stashahada, na mwenye stashahada nzuri hupokelewa shahada. Njia ni ndefu kidogo, lakini yafika. Na pita pale pembeni mwa soko la Kibuye uwaone mafundi wa seremala na wachomeleaji: aliye na ujuzi hungojwa na wateja. Taasisi za ufundi nazo zina ufadhili na mikopo yake, kwa hivyo wasiache kuomba kwa kudhani misaada ni ya vyuo vikuu tu.

Istikhara na kalenda

Twarejea pale tulipokosea. Istikhara ni sunna tukufu, na hatumwambii mtu aiache. Kosa letu lilikuwa kuifanya badala ya kazi. Mja hutafuta habari, hushauriana na wajuao, hupima, huazimia, kisha huomba kheri kwa Mola wake na kutenda. Rakaa mbili hazichukui majuma mawili. Ungeweza kuswali usiku huu na kesho asubuhi ukawa kwenye foleni ya saiba.

Mashauriano ya nyumbani yafanywe mapema, Kidato cha Nne kingali kinaendelea, wala yasingoje matokeo. Baba aliye safarini ana simu. Mtoto aulizwe apendacho, na asikilizwe hadi amalize. Tumeona wazazi wakimchagulia mtoto kozi ili wajisifu nayo kwa majirani, kisha mtoto akaiacha mwaka wa pili, na karo ya mwaka mmoja na nusu ikapotea. Mzazi ana haki ya kushauri na ya kukataza lililo haramu. Hana haki ya kusomea ndoto yake kupitia kichwa cha mwanawe.

Jambo la mwisho kwa wazazi wenye watoto wadogo. Mfumo huu wa KCSE unafika ukingoni. Darasa la mwisho la KCPE lilikuwa la mwaka 2023, na wanafunzi hao ndio watakaofanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Wa nyuma yao wanasoma kwa mtaala wa umilisi, na kwao kuchagua huanza mapema zaidi, wanapochagua mkondo wa kuingia nao sekondari ya juu. Msingoje cheti cha mwisho ndipo muanze kuulizana.

Na binti wa Kibuye? Mwaka uliofuata tulimpigia mamake simu siku ile ile mlango ulipofunguliwa. Tulikwenda nao saiba sote watatu, tukakaa kwenye benchi huku yeye akijaza mwenyewe. Aliomba stashahada ya uuguzi, akaipata. Ada ya kwanza iliungwa kwa ufadhili, kwa mauzo ya kibanda, na kwa mchango wa akina mama wa darasa la Jumamosi. Sasa yuko mwaka wa pili. Akija likizo hufika madrasani kuwasaidia wadogo kusoma juzuu amma, na siku moja aliwapima akina mama wazee shinikizo la damu baada ya darasa.

Mwaka ule mmoja hatuwezi kumrudishia. Tulichoweza ni kutundika kalenda kwenye ukuta wa madrasa, karibu na rafu ya viatu, ambapo kila aingiaye na atokaye huiona. Juu yake zimeandikwa kwa kalamu nyekundu siku ya kufunguliwa maombi, siku ya kufungwa, na siku ya mwisho ya kuomba ufadhili. Mzazi ajaye kutuomba dua kwa ajili ya mwanawe, kwanza humpeleka pale ukutani tukasoma naye tarehe, kisha ndipo tunapoinua mikono.

Mola awafungulie wana wetu milango ya kheri, na atujaalie sisi wazazi na walimu tusiwe kizuizi mbele yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.